Kijiko Kimoja, Habari Moja

Enzi zetu mpira wa rede haukutoka dukani. Tuliufunga wenyewe kwa matambara ya kanga iliyokwisha kazi, tukauviringishia kamba za mgomba mpaka ukawa mgumu, na siku za mvua, ukishalowa tope jekundu la Kasulu, ukikupata mgongoni ulikwenda kulala na alama yake. Wawili walisimama huku na huku wakirusha, na mmoja alikuwa katikati akikwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa kabla hujapigwa, umeshinda. Wajukuu zangu nikiwasimulia wananiuliza, bibi, hiyo gemu inapakuliwa wapi? Nawaambia ilipakuliwa uwanjani, na bando lake lilikuwa miguu.

Wenzangu wa miaka ya sabini mnajua ninachosema. Mnakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, ukungu umelala mabondeni na umande unakata magoti. Mnakumbuka kila mtoto na ukuni wake na kidumu chake cha maji, maana aliyefika shule mikono mitupu alikuwa ameshajitafutia fimbo. Mnakumbuka viazi vilivyochomwa kwenye majivu tukivila na maganda, sombe, kisamvu chetu, iliyopikwa kwa mawese mpaka midomo inang'aa, na dagaa wa ziwani waliotufikia huku milimani wamekauka, wakavutia paka wa kijiji kizima. Siku hizi mtoto akipewa kiazi cha kuchoma anakitazama kama amepewa jiwe.

Na mnakumbuka kila mahali palikuwa na msichana mmoja wa kuogopwa kwenye rede. Kwetu alikuwa Stefania, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na hukujua mpira unatoka lini. Ninaweza kukaa hapa mpaka jioni nikiwaeleza jinsi alivyojipinda, alivyojifanya anafunga kanga, kisha akarusha. Nimeyasimulia haya kwenye harusi na kwenye misiba, na watu wa rika langu wamecheka mpaka wakashika mbavu.

Jambo ambalo sijawahi kuwaambia ni hili: rede ile mimi sikuicheza. Kwa mwaka mzima na zaidi, nikiwa na miaka kumi na moja, sikuingia katikati hata mara moja. Nilikuwa natazama tu. Nawaandikia leo kwa sababu nimechoka kusifiwa kumbukumbu.

Kabla ya kuhamishiwa kijiji kipya tulikaa mlimani, nyumba yetu peke yake katikati ya migomba yake, kama walivyokaa Waha wote. Jirani alikuwa mtu wa kuitwa kwa sauti. Mama alizaliwa Kasanda, upande wa Kibondo, akaolewa huku Kasulu, na kutoka kwao alikuja na sheria moja ya chakula. Sahani ilikuwa moja, ya wote, na kabla hujamega tonge la kwanza ulitoa habari. Si lazima iwe kubwa. Kuku ametotoa, ng'ombe wa fulani amevuka mto, mwalimu amekuja na viatu visivyolingana. Asiye na habari alisubiri wenzake wamege kwanza. "Wanaokula kimya ni ng'ombe," alikuwa akisema, na sisi tuliowapenda ng'ombe kuliko ndugu wengine hatukuona kama ni tusi.

Baba alikuwa hodari wa kuvunja sheria hiyo. Hakuwa na habari, basi alitunga. Alileta chui waliompisha njiani, alileta nyoka waliomsalimia. Mimi nilipolalamika kwamba baba anadanganya, mama alisema, "Mwache. Uongo usiomdhuru mtu nao ni kitoweo." Halafu baba akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, zikabaki barua, moja kwa miezi mitano au sita. Nyumba ikabaki na mimi na mama.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini tulivunja nyumba, tukabeba milango na vyungu, tukapangwa kwenye mstari kando ya barabara, nyumba na nyumba kama madawati. Watu waliotoka milima mbalimbali wakawa majirani kwa siku moja. Sisi watoto tulifurahi, maana kwa mara ya kwanza kulikuwa na wenzetu wa kutosha kwa rede. Nilicheza majuma matatu, labda manne. Hiyo ndiyo rede yangu yote.

Ilianza na tonge. Mama alikwamwa siku moja, akanywa maji, akacheka. Baadaye kila tonge likataka maji. Baadaye muhogo haukupita kabisa, na mama, ambaye alikuwa mtu wa mabega mapana wa kulima robo ekari huku anapiga hadithi, akaanza kufunga kanga mara mbili kiunoni ili isianguke. Tulipanda lori la mahindi tukaenda hospitali. Daktari alimpima kwa siku mbili, kisha akalitaja jina lenyewe: kansa, kansa ya koo. Alisema hapa hakuna wa kuikata, na Dar es Salaam ni mbali kwa mtu wa hali ile. Akaangalia kama kuna mtu mzima aliyekuja na sisi. Hakumwona, akanigeukia mimi.

Alinipa maagizo kama mwalimu wa hesabu. Kidogo kidogo, mara nyingi. Kilaini. Maziwa, yai, mchuzi wa maharage uliochujwa, uji usio na madonge. Kisha akapunguza sauti. "Na usimwache ale peke yake, binti. Mgonjwa wa namna hii akikata tamaa, chakula kitamshinda kabla koo halijamshinda." Niliyaandika yote nyuma ya daftari la siasa. Lile la mwisho nilipiga mstari chini yake.

Nikawa mpishi. Nilipika maharage mpaka yakapasuka, nikayaponda, nikayakamua kwenye kitambaa cheupe mpaka mikono ikaniuma, na kile kilichodondoka kilikuwa bakuli dogo tu. Nilikoroga uji wa ulezi, nikautilia maziwa. Niliponda boga na ndizi mbivu, nikatia tone la mawese. Yai lilikuwa na kesi yake. Mama alikulia kwa wazee walioona mwanamke kula yai ni ukosefu wa adabu, na siku ya kwanza nilipomletea aliniambia nifunge mlango kwanza. Tulifunga mlango mchana kweupe, kama wezi, akala kiini cha yai. Tulicheka siku ile. Nakumbuka kwa sababu baada ya hapo hatukucheka kwa muda.

Kijijini watu hawakujua kansa. Walijua kukohoa na walijua kukonda. Wengine wakasema ni kifua kikuu, wengine wakasema tumekuja na mikosi yetu kutoka mlimani. Walisalimia, hilo siwezi kuwanyima, Waha kwa salamu hawana mpinzani. Walisalimia kwa makofi na kwa magoti, lakini kutokea barabarani. Siku moja mama yake Stefania aliingia ndani kumpa pole. Mama akaniambia nimpe mgeni togwa. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nayo akisema ataimalizia njiani kisha arudishe kibuyu. Nje ya ua akaimwaga, akakisugua kibuyu kwa majani. Ukuta wetu wa miti ulikuwa haujakandikwa upande ule. Mama alikuwa amelala akitazama palepale.

Hakula siku ile wala ya pili. Nilipiga magoti na bakuli mpaka uji ukaota ngozi. Siku ya pili jioni alisema bila kunitazama, "Mimi ndiye ninayewafukuza watu kwenye nyumba hii." Kisha akageuka. "Na wewe? Watoto wenzako wanakukimbia?"

Wenzangu, mimi nilikuwa nimeshakimbiwa. Juma moja kabla ya hapo Stefania alikuwa ameniambia, akiuchezea mpira mikononi, kwamba mama yake amesema mimi nisiushike, kwa sababu mpira unapita mikono ya wote. Hakuniambia kwa ubaya. Alionekana kama anayetumwa dukani kurudisha kitu. Wengine walisimama nyuma yake, na nikaelewa kwamba wote walikuwa wameambiwa. Niliona aibu, aibu ya mwili, kana kwamba nina kidonda usoni ambacho wao wanakiona na mimi sikioni.

Lakini mama alikuwa ananitazama, na bakuli liko mkononi mwangu. Nikajua, kama mtoto anavyojua, kwamba nikisema ndiyo hatafungua mdomo tena.

"Hawanikimbii," nikasema. "Leo tumecheza rede."

"Amakuru?" akauliza. Ndivyo alivyokuwa akituuliza mlimani, mikono yetu ikiwa juu ya sahani: habari?

Nikamwambia Stefania alinilenga mara tatu akanikosa. Akafungua mdomo. Kijiko kikaingia. Alimeza kwa shida, amefumba macho, akasubiri kishuke. Alipoyafumbua akauliza mara ya nne ilikuwaje.

Tangu siku ile ikawa hivyo, kijiko kimoja, habari moja. Bila habari hakumeza, na mimi habari sikuwa nazo, maana mtoto asiyechezwa naye anasikia nini? Basi nikawa mwizi. Kengele ya shule ikilia nilijificha kwenye mgomba wa pembeni ya uwanja, nikatazama rede ya wenzangu kwa muda wa chungu kidogo kuiva. Nilibeba kila kitu: nani kapigwa, nani kalia, nani kaiba mchanga, chupa imefika wapi. Kisha nilikimbia nyumbani, na njiani nilijiweka mimi mahali pa yule aliyeshinda.

Nilijifunza kusimulia kama mtangazaji wa mpira wa redioni. Niliacha mpira hewani, nikanyamaza, nikainua kijiko. Mama alimeza haraka ili mpira ushuke. Jioni nyingine alikula vijiko kumi, siku moja kumi na viwili, na mimi nilikwenda kulala nina furaha kama niliyeshinda kweli. Kisha nilikuwa nalala nikisikia sauti zao nje, wakicheza kombolela kwenye mbalamwezi, kopo linapigwa teke, jina linaitwa. Halikuwa langu. Nimeishi upweke wa aina nyingi tangu hapo, wa ujane nikiwemo, lakini ule wa kusikia kopo sijauona tena.

Mama alianza kuingia kwenye mchezo. Akinisikiliza alikuwa anatikisa kichwa kwamba nimekosea kukwepa. Siku moja aliniambia, "Usimtazame Stefania mkono. Mtazame bega. Bega haliwezi kuficha." Kesho yake, nikiwa kwenye mgomba wangu, nilimtazama bega. Ilikuwa kweli. Bega la kushoto lilishuka kidogo kabla mpira haujatoka, kila mara. Nilikuwa mtu pekee kijijini aliyejua namna ya kumshinda Stefania, na sikuwa na ruhusa ya kuushika mpira.

Mtu mmoja tu aliingia nyumbani kwetu bila kuogopa. Aliitwa Mama Konsolata, akikaa nyumba ya mwisho kwenye mstari. Alikuwa amevuka kutoka Burundi miaka michache nyuma, wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili, peke yake, na hakusema wengine walibaki wapi. Kirundi chake na Kiha chetu vilisikilizana bila mkalimani. Mimi nikiwa shule yeye ndiye aliyemwogesha mama, akamgeuza, akamsuka. Siku ya kwanza alipoingia aliomba maji, akachukua kikombe cha mama mwenyewe, kilichobaki maji ya mama nusu, akanywa yakaisha. Mama alilia, na mimi nilikasirika kwa sababu nilidhani ameumizwa.

Vijiko vilipungua. Kumi vikawa sita, sita vikawa vitatu, na hata maziwa yakawa yanarudi. Mimi, kwa ujinga wa mtoto, niliona kosa ni la habari. Nikazinogesha. Nilimletea mama ushindi juu ya ushindi, nikamleta mwalimu mkuu aingie uwanjani apigwe mpira wa kisogo. Jioni ya mwisho nilimwambia chupa yangu imejaa mpaka shingoni na Stefania amekubali mwenyewe kwamba nimemshinda.

"Imejaa?" akauliza. Sauti ilikuwa ya pumzi tu.

"Imejaa, mama."

"Basi pumzika, mwana wanje." Mwanangu, kwa lugha yetu.

Nilimpa kijiko kingine. Maziwa yalitoka pembeni ya mdomo, nikayafuta kwa kanga. Kesho yake asubuhi nilikuwa darasani walipokuja kuniita.

Msibani walikuja wote. Walikuja na kuni, na maharage, na ndizi, wakapika uani kwetu kwa vyungu vyetu, wakala kwenye sahani zetu, kwa sababu msiba ni msiba na hakuna asiyekula msibani. Mama yake Stefania aliosha vyombo siku tatu. Nilikaa ukutani nikiwatazama wakimega matonge, watu wengi kuliko nilivyowahi kuona nyumbani kwetu, na nikataka kuwauliza walikuwa wapi. Baba alifika majani yameshaota kaburini, akakaa juma moja akarudi Tanga, na mimi nikahamia nyumba ya mwisho kwenye mstari.

Ilikuwa miezi baadaye, tunapepeta maharage na Mama Konsolata, nilipolia nikamwambia kwamba nilimdanganya mama mpaka akafa. Nilikuwa nimelibeba hilo kama dhambi ya kwenda nayo kwa padri. Alisimamisha ungo.

"Mama yako alijua," akasema. "Alinituma nikuangalie shuleni. Nikamkuta mwana amesimama kwenye mgomba, peke yake. Nikarudi nikamwambia."

Nikamuuliza mama alisema nini.

"Alijifuta uso kwa kanga. Kisha akasema, 'Usimwambie kama najua. Akijua, atakuja na bakuli hana la kusema. Acha, ni kitoweo.' Mwana wanje, lile koo lilikuwa limeshafunga. Kila kijiko kilikuwa kinamkata. Alikuwa anameza ili umalize mchezo wako."

Mimi nilidhani namlisha mama. Hilo nimelifikiria miaka mingi na bado silifikirii bila kuacha ninachokifanya.

Sasa nakaa Kasulu mjini, nyumba ya bati na umeme, watoto wangu wako Mwanza na Dar. Mambo yamebadilika na mengi ni ya heri. Leo kansa inatajwa redioni, kuna dawa, kuna kliniki, kuna unga wa lishe kwenye makopo yenye picha ya mtu anayecheka. Mama angekula yai bila kufunga mlango. Ila naona kitu kimoja. Wagonjwa wetu wa leo wanaletewa kila kitu, bakuli linawekwa mezani, kijana anasema "kula bibi," kisha anashika simu yake, na habari zote za dunia zinapita kwenye kidole chake bila hata moja kufika kwenye kijiko. Si kwamba hawapendi. Wanapenda sana, na wakipiga picha ya mgonjwa wanaweka na moyo juu yake. Lakini mgonjwa anakula kama ng'ombe.

Najua kwa sababu tangu mwezi uliopita nakwenda kila siku kwa Stefania. Ndiyo, yuleyule. Kansa imeanzia kwenye titi, sasa imefika pengine, na chakula kimemshinda. Wajukuu zake walinieleza amekataa uji wa lishe, wa kopo la bei. Nilichukua bakuli, nikavuta kigoda, nikaanza kumpa habari za mji: mvua imebomoa choo cha jirani yangu, kwaya imegombana tena. Akafungua mdomo kidogo. Jana akanishika mkono wenye kijiko, mkono wake wa kushoto, umebaki mifupa.

"Yasinta," akasema, "tulicheza sana rede, mimi na wewe."

Alinitazama. Sikujua kama amesahau, au anaomba kitu ambacho hawezi kukitaja. Macho yake yalikuwa yanasubiri, na kijiko kiko katikati yetu.

"Sana," nikamwambia. "Lakini hukuwahi kunipata. Bega lako lilikuwa linakusema."

Alicheka bila sauti, akameza.

Nilirudi nyumbani jioni nikapika ugali wa mtu mmoja. Nikaketi, nikanawa, nikanyoosha mkono, nikausimamisha juu ya sahani kama tulivyofundishwa. Nyumba ilikuwa kimya. Habari nilikuwa nayo, na safari hii ilikuwa ya kweli. Mama, leo Stefania amekula vijiko saba.